Mkongwe Anapopiga Ukumbi Mdogo: Mwongozo wa Shabiki wa Arusha na Moshi

Julai ya mwaka fulani, miaka mingi sasa, nilikwenda kumsikiliza mpiga gitaa mkongwe kwenye baa moja ya Kaloleni, na karibu kila nilichokifanya usiku ule kilikuwa kosa. Tangazo lilisema saa mbili usiku, nami saa mbili kamili nilikuwa getini na shati la mikono mifupi. Mfukoni nilikuwa na noti mbili za elfu kumi, basi. Nikachagua meza ya mbele kabisa, chini ya spika, nikajiona mjanja. Mzee alipanda jukwaani saa tano kasoro. Kufikia hapo natetemeka kwa baridi, nimeshusha bia nne, na sikio la kushoto linavuma. Alipogusa tu nyuzi nikasimama na kupaza sauti, naomba ule wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua. Mama mmoja wa meza ya jirani, kilemba kichwani, akanivuta mkono. "Mwanangu, kaa. Mwache mzee apashe vidole kwanza."

Nikakaa. Kwenye wimbo wa nne vidole vilikuwa vimepata moto, na nikaona kitu ambacho redio haikuwahi kunionyesha: mtu mzima ameinamisha kichwa, anacheka peke yake kwa kitu alichokipiga sasa hivi.

Ninaposema mkongwe nina maana ya yule aliyeshika gitaa la umeme enzi ambazo muziki ulifika nyumbani kwa redio. Wengi ni watu wa dansi, ila tusisahau kwamba nchi hii ilikuwa na roki yake pia. Sunburst ya Dar es Salaam, ambayo rekodi zake ni za kati ya 1973 na 1976, ilichanganya roki na mapigo ya kwetu, na Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na gitaa lenye makali ambayo kijana wa leo akiyasikia anauliza ni bendi ya nchi gani. Njia ya kuwasikiliza wote hao ukumbini ni ile ile.

Kwanza, hakikisha ni yeye

Jina kubwa kwenye bango linaweza kuwa na maana tatu. Inawezekana anakuja mwenyewe na bendi yake. Inawezekana anakuja mwenyewe na begi tu, halafu anasindikizwa na vijana wa bendi ya hapa hapa. Au inakuja bendi yenye jina lile, na watu uliowazoea hawamo.

Hiyo ya pili ndiyo utakayokutana nayo zaidi huku kwetu, na sababu ni nauli. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Kusafirisha watu kumi na wawili, kuwalisha na kuwalaza, kwa ukumbi unaoingiza watu mia moja na hamsini, hesabu haikubali. Usiidharau. Nimewahi kumwona mzee akiwafundisha vijana wa Moshi wimbo mpya kwao palepale jukwaani, kwa kidole na macho, na ulitoka vizuri kuliko zile walizofanyia mazoezi.

Ya tatu ndiyo huwaudhi watu, lakini kosa ni la msikilizaji asiyejua historia. Bendi zetu huishi kuliko watu wake. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, akahamia bendi ya Mlimani Park ilipoanza 1978, baadaye akarudi Msondo, na alifariki Aprili 2014. Kwa hiyo jina la bendi ni ahadi ya mtindo. Sura ni habari nyingine.

Piga ile namba iliyo kwenye tangazo uulize maswali matatu: mzee mwenyewe anakuja? Anapiga na nani? Ni laivu, au anaimba juu ya muziki wa kwenye fleshi? Swali la tatu uliza bila aibu. Akikujibu "kutakuwa na burudani ya kutosha", ujue ni fleshi. Na ukiona neno "kumuenzi" kwenye bango, soma mara mbili, maana yawezekana mhusika yuko kaburini.

Wiki moja kabla: andaa masikio

Usisikilize ule wimbo wake mkubwa. Huo unaujua. Tafuta zile ambazo hazikupigwa sana, kwa sababu wakongwe wengi wameuchoka wimbo mkubwa kama unavyochoka ugali wa kila siku, na moyo wao uko kwenye nyimbo za pembeni.

Zoezi langu ni hili. Chukua wimbo mmoja, usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, toka mwanzo hadi mwisho, usiruhusu sikio kukimbilia mwimbaji. Mara ya pili fuata gitaa la ridhimu, lile linalorudia kitu kimoja kama mtu anayesuka mkeka. Mara ya tatu ndipo umfuate mpiga solo. Ukifika ukumbini, ambako kila kitu kinakujia kwa pamoja na mwangwi wa bati juu yake, sikio litakuwa limeshajua pa kushika.

Na kwa mtu wa Arusha kuna somo moja la nyumbani ambalo machalii wengi wa mjini hawalijui. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, na 1970 walikuja Arusha wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko ndiko jina la bendi ya Simba Wanyika lilikozaliwa. Baadaye, 1978, baadhi ya wanamuziki wakajitenga wakaanzisha Les Wanyika. Yaani lile gitaa tamu ambalo watu wengi wanaamini ni la Kenya moja kwa moja, lilipumzika kwetu mwaka mzima kabla ya kupanda basi. Mkongwe yeyote wa rika lile ukimtajia Arusha Jazz atakutazama kwa jicho jingine.

Mfuko, koti na kitambaa

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku haina mzaha. Beba koti hata kama ukumbini kutakuwa na joto, kwa sababu ukumbi wenyewe mara nyingi ni banda lenye ukuta pande mbili tu. Moshi iko chini zaidi, mita 800 na kitu, na huko jasho litakutoka. Viatu vya kuchezea, siyo vya kuonyeshea.

Pesa ndiyo habari kubwa. Kiingilio unaweza kulipa kwa Lipa Namba siku hizi, na bia pia, ila kutunza, yaani kumzawadia mwanamuziki pale jukwaani, ni kwa noti mkononi. Vunja pesa mchana, pale dukani kwako mtaani. Beba noti za elfu moja na za elfu mbili, kiasi cha kumi hivi, uziweke mfuko tofauti na zile za teksi. Tena zikunje kwa mafungu ukiwa nyumbani, kwa sababu chini ya taa nyekundu za jukwaani elfu mbili na elfu kumi ni mapacha. Jamaa yangu aligundua asubuhi kwamba alikuwa mkarimu mara tano ya alivyokusudia. Mpiga tumba, yeye, aligundua usiku uleule.

Kitambaa cheupe ni cha hiari, ila beba. Tangu King Kiki alipoimba wimbo wake wa Kitambaa Cheupe, kupunga kitambaa kumekuwa desturi kwenye madansi ya wazee, na usiku ukifika mahali pake utajiona mkavu ukipunga tishu.

Saa ya kwenda

Saa iliyoandikwa kwenye tangazo ni saa ya kufungua geti. Kwa kawaida usiku huenda hivi: saa mbili mafundi wanafunga nyaya na kuhesabu "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maiki. Saa tatu bendi inapasha, nyimbo za watu wengine. Saa nne ukumbi unajaa. Mzee anapanda kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, anapiga dakika arobaini au saa nzima, anapumzika, na akirudi anarudi kwa muda mfupi zaidi.

Mimi nafika saa tatu kasoro robo. Sababu ya kwanza ni meza. Ya pili ni nyama. Nyama choma inahitaji muda, na ukiiagiza saa nne itafika mezani wakati mzee yuko kwenye solo, nawe utakuwa unagombana na mfupa. Agiza ukifika, kula, nawa mikono, maliza. Ya tatu ni kwamba muda wa kupasha ndio muda ambao wakongwe wanakaa nje kwenye kiti cha plastiki wakinywa chai ya tangawizi, hakuna aliyewazunguka. Nitalirudia hilo.

Kuhusu kinywaji, nywa, ila uwe na akili ya kukumbuka kesho.

Mahali pa kukaa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo usiku unapoharibikia au kutengenezeka.

Kwenye ukumbi mdogo sauti inakujia kwa njia mbili. Kuna ile inayopita kwenye mitambo na kutoka kwenye spika kubwa za pembeni: waimbaji, na tarumbeta kama zipo. Halafu kuna ile inayotoka moja kwa moja jukwaani: ampulifaya ya gitaa, ya besi, na ngoma zenyewe. Ukikaa uso kwa uso na ampulifaya ya solo utasikia solo tu, mwimbaji atakuwa anafungua mdomo kama samaki. Ukikaa chini ya spika utamsikia mwimbaji tu, na kesho hutasikia kitu.

Kona za nyuma nazo ni mtego. Mawimbi ya besi hujilimbikiza kwenye kuta na zaidi kwenye kona, kwa hiyo pale mezani chupa zitatetemeka na utadhani fundi ameharibu, kumbe umejiweka mwenyewe ndani ya pipa.

Tafuta alipo fundi mitambo. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake, kwa hiyo muziki unaosikika vizuri ni ule unaosikika pale alipokaa. Meza ya karibu naye ndiyo meza bora ya ukumbi, na kwa bahati hakuna anayeigombania kwa sababu haina heshima. Kama fundi amewekwa pembeni kabisa nyuma ya nguzo, jambo linalotokea sana, basi simama katikati ya spika mbili, theluthi mbili ya ukumbi kutoka jukwaani.

Usihukumu sauti ya saa tatu. Sakafu ya saruji na bati la juu hurudisha sauti kama kisima, lakini miili ya watu hunywa ule mwangwi. Ukumbi ambao saa tatu unakera, saa tano unaweza kuwa mtamu bila fundi kugusa kitufe.

Sasa, kuna wakati utataka kuviona vidole. Mpiga gitaa wa mkono wa kulia akikutazama, shingo ya gitaa inaelekea upande wako wa kulia. Kwa hiyo sogea kulia mwa ukumbi, karibu na jukwaa, kwa nyimbo mbili au tatu, uone ule mkono wa kushoto unaobana nyuzi. Kisha rudi kwenye meza yako. Mpangilio wangu ni huo: nyimbo za kwanza kwa fundi, za katikati kule mbele kulia, na chemko, ile sehemu ya wimbo inayopanda moto, popote penye nafasi ya kucheza.

Na masikio. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, kinasema sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebakiwa na dakika kumi na tano. Ukumbi mdogo wenye spika za harusi unafika huko bila taabu. Vizibo vya masikio vya povu vinauzwa kwenye maduka ya dawa makubwa na ya vifaa vya ujenzi, bei ya soda. Wapo watakaokucheka. Mtazame mpiga ngoma wa zamani anavyokuuliza "eeh?" kila sentensi, halafu uamue.

Namna ya kumsikiliza

Kosa la mashabiki wengi ni kwenda kumtafuta kijana waliyemsikia redioni. Kijana huyo hayupo. Aliyepo ana miaka sabini, sauti yake imeshuka, na bendi inayomjua huushusha wimbo ufunguo mmoja au miwili ili asilazimike kupanda mahali ambapo koo halifiki tena. Utaona pia kwamba zile sehemu za juu anaachiwa mwimbaji kijana, naye mzee anaingia chini, kwenye maneno. Sikiliza hapo chini. Mtu aliyeimba mstari mmoja kwa miaka arobaini anajua neno lipi la kulichelewesha.

Kwenye vidole ni vilevile. Kasi imepungua, na kwa hiyo amechuja. Pale ambapo rekodi ina nota nane sasa anapiga tatu, na kama ulifanya lile zoezi la wiki nzima utazisikia tano zilizobaki kwa kutokuwepo kwazo. Mimi huwa napata mtetemo hapo kuliko kwenye solo ya kijana yeyote anayekimbia.

Wimbo wa dansi wa zamani una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya beti na kiitikio, taratibu, hadithi inasimuliwa. Ya pili ni chemko: magitaa yanashikana, ngoma inapanda, waimbaji wanarusha vibwagizo, na hapo ndipo watu wanainuka. Mgeni huinuka mapema. Subiri. Ile nyumba ya kwanza ukiikalia kimya, mzee anaona. Ukumbi mdogo una hasara hiyo kwa mshabiki mzembe: kutoka jukwaani anaziona nyuso zote hadi meza ya mwisho, na anajua nani anapiga soga.

Atatumia muda mrefu kukaza nyuzi. Usipige mluzi. Gitaa limetoka kwenye buti la gari lenye baridi, limeingia chini ya taa na pumzi za watu mia. Nyuzi za chuma zikipata joto hulegea na sauti kushuka. Isitoshe, mara nyingi gitaa lenyewe si lake. Bendi nyingi za zamani zilikuwa mali ya mashirika ya umma, jumuiya na vyama, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki alipoondoka, aliondoka na mikono yake. Wapo wazee waliopiga miaka thelathini na nyumbani hawana hata kamba ya gitaa, kwa hiyo usiku ule anajifunza chombo cha kuazima mbele ya macho yako. Ndiyo maana nyimbo mbili tatu za kwanza ni za kupasha vidole, kama alivyosema yule mama.

Umeme ukikatika, usikimbilie geti. Moshi, maeneo ya Majengo, tulikatikiwa katikati ya chemko. Jenereta lilikataa kuwaka kwa dakika kama sita. Mpiga tumba hakuacha. Watu wakachukua kiitikio, mzee akashuka jukwaani na kuimba kati ya meza bila maiki, na kwa mara ya kwanza usiku ule tukaisikia sauti yake hasa, nyembamba na yenye mikwaruzo, safi. Taa ziliporudi, nusu ya ukumbi waliguna.

Kuomba wimbo, na kutunza

Omba wimbo baada ya wa tatu, usiombe kabla. Usipige kelele. Andika jina la wimbo kwenye kipande cha karatasi, mpe mhudumu au mmoja wa wapiga ngoma, pamoja na noti. Omba ule wa pembeni uliousikiliza wiki nzima. Anaweza asikumbuke maneno yote. Yeye na mpiga besi wataanza kuutafuta, na huo utafutaji ndio kitu ambacho huwezi kukipata mahali pengine popote. Ule mkubwa utakuja wenyewe mwishoni. Haujawahi kukosa.

Kutunza kuna adabu yake. Subiri chemko au mwisho wa solo. Panda kwa kucheza, usipande kama mtu anayekwenda benki. Kwa mwimbaji, noti inaweza kubandikwa kwenye paji la uso akiwa kijana mwenye furaha. Kwa mzee, mpe mkononi, kwa mkono wa kulia, ukiinamisha kichwa kidogo, au mtilie kwenye mfuko wa shati ikiwa mikono yote iko kwenye gitaa. Usimguse mkono unaobana nyuzi. Kisha shuka. Dakika tatu za kucheza naye mbele ya simu ya rafiki yako ni wizi wa muda wa wengine.

Usimtunze yeye tu. Besi na ridhimu hawapewi kitu, wakati ndio walioibeba nyumba.

Watu huniuliza, kiingilio si kinatosha? Zile rekodi zilizomfanya maarufu alizipiga kwenye studio ya redio ya taifa, akiwa mwajiriwa wa mshahara. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na kufikia hapo wengi wao walikuwa wameshapiga nyimbo zao zote kubwa. Kile unachomtilia mfukoni kinamfikia bila kupita kwa mtu.

Simu

Piga picha mbili bila mwanga wa flashi, rekodi wimbo mmoja ukitaka, kisha weka simu mfukoni. Ukirekodi, shusha mikono hadi kifuani, walio nyuma yako nao wamelipa. Video ya usiku mzima hutaitazama. Ninazo saba.

Kumsalimia

Wakati mzuri ni kabla hajapanda, pale kwenye kiti cha plastiki nje. Wa pili ni mapumziko, akishamaliza kunywa maji. Mbaya ni baada ya shoo, kwa sababu amechoka, anasubiri malipo yake kwa mwenye ukumbi, na kila mlevi wa mji anataka kumkumbatia.

Nenda peke yako au wawili, si kundi. "Shikamoo mzee." Subiri aitikie. Akiwa ni mama, "shikamoo mama", na usimwite kwa jina lake la jukwaani mpaka akuruhusu. Jitambulishe kwa jina na mtaa wako. Wazee wanapenda kujua mtu anatoka wapi, na akisikia Ngarenaro au Pasua anaweza kukuambia alilala huko mwaka fulani kwa fulani. Usianze na "nyimbo zenu za zamani ni nzuri kuliko za siku hizi". Ameisikia mara elfu na ana wajukuu wanaoimba hizo za siku hizi.

Uliza kitu kimoja, kidogo, cha kazi. Nani alipiga solo ya pili kwenye wimbo ule? Hiki kibwagizo kilitoka wapi? Mara moja nilimwuliza mzee kwa nini wimbo fulani unaishia ghafla, bila kupunguza mwendo. Nilitarajia falsafa. "Mwanangu, tepu iliisha," alinijibu, na tukacheka wote wawili mpaka akaitwa jukwaani.

Usiulize habari za waliofariki kama yeye hajawataja. Anaweza kuwa ndiye wa mwisho wa bendi ile, na ana saa nzima ya kuimba mbele yake.

Ukiwa na santuri ya zamani ya baba yako, ilete, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kalamu ya wino mzito unaokauka haraka. Kama jalada ni jeusi, tafuta kalamu ya fedha au nyeupe. Mwachie muda wa kuigeuza na kuitazama kabla ya kusaini, kwa kuwa wengine hawana nakala hata moja. Mzee mmoja alinishikia ile santuri usiku mzima, akairudisha saa nane bila sahihi, alisahau. Sikumkumbusha.

Kurudi

Panga usafiri kabla ya kuagiza bia ya kwanza. Daladala huwezi kuitegemea saa nane za usiku, na bodaboda wa getini hupandisha bei kadiri muziki unavyokaribia kwisha. Mimi nina dereva wa bajaji ninayemfahamu. Namwambia jioni, ananipigia saa saba na nusu. Mkiwa mmetoka Moshi kuja Arusha au kinyume chake, ni kilomita 80 hivi na ni barabara ya malori, usiendeshe usiku huo baada ya kunywa. Gesti ya karibu ni nafuu kuliko unavyodhani, hasa mkigawana.

Toka wimbo mmoja kabla ya mwisho kama una haraka, au nusu saa baada ya mwisho kama huna. Mimi huwa sina. Meza zinainuliwa, mhudumu anahesabu chupa, vijana wanakunja nyaya, na mara nyingi mzee anakuwa ameazima lile gitaa tena, bila umeme, anaonyesha kijana wa ridhimu mahali alipokosea.

Ukifika nyumbani andika majina ya nyimbo ukiwa bado unazikumbuka, hata nyuma ya risiti. Masikio yakivuma hadi kesho yake jioni, mara ijayo vaa vile vizibo. Na ile nyama iliyobaki itoe kwenye mfuko wa koti kabla hujalala.